Amri ya Nne na Nyumba Inayouzwa

Amri ya nne ya Mungu inawaagiza watoto kuwaheshimu baba na mama. Mtoto mdogo anaifahamu upesi: ni kutii, kutumika nyumbani, na kutojibu kwa ukali. Lakini mtoto akiisha kuwa mtu mzima, na mzazi akiisha kuzeeka, amri ileile inakuwa kazi ngumu zaidi. Siku moja mzazi anasema: «Mwanangu, nataka kuuza nyumba hii. Unisaidie.» Basi, kumsaidia ni nini?

Enyi wakatekumeni, fikirini mfano huu. Mama mjane anakaa Naviundu, katika mji wa Lubumbashi. Mume wake alikuwa mfanyakazi wa Gécamines. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa kampuni ile waliacha kazi kwa mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari, wakapewa fedha ya mwisho. Yeye alinunua lupango, akajenga nyumba ya matofali ya kuchoma, akaiezeka kwa mabati, akapanda mwembe. Kisha akafa. Sasa mama hana nguvu za kuteka maji. Anataka kurudi kwa ndugu zake huko Kasenga, kando ya mto Luapula. Anamwita mwanawe wa kwanza.

I. Nyumba ni ya nani?

Ulizo hili ndilo la kwanza, kwa maana haki hutangulia ukarimu. Katika Kongo, sheria ya 20 Julai 1973 inasema kwamba ardhi ni mali ya Serikali. Mwananchi hupewa haki juu yake, na haki hiyo huandikwa katika sertifika. Tena sheria ya jamaa ya mwaka 1987 inasema kwamba, katika mali aliyoiacha marehemu, robo tatu ni za watoto wake. Lakini sheria hiyohiyo inamlinda mjane, ili aendelee kukaa katika nyumba aliyokaa na mumewe.

Kwa hiyo watoto hawana ruhusa ya kumwondoa mama ili wauze. Wala mwana wa kwanza asiuze pamoja na mama kwa siri, huku dada yake aliye Kolwezi hajui neno. Wajomba na baba wadogo wasije na kusema: «Mali ya ndugu yetu ni yetu.» Kumfukuza mjane ni dhambi inayomlilia Mungu. Jamaa wakutane kwanza, wasikilizane, kila mwenye haki aseme ndiyo kwa kinywa chake na kwa mkono wake.

II. Mtoto ni mkono wa mzazi

Mama amekubaliana na watoto wote. Sasa mwana wa kwanza anatafuta mnunuzi. Komisionere anamleta mtu mwenye fedha, anamvuta mwana pembeni, anamwambia: «Atatoa dola 9,000. Mwambie mama 8,000. Zinazobaki tutagawana.»

Shetani hupenda njia hii, kwa sababu haina kelele. Mama hatajua. Atashukuru hata kwa hizo 8,000. Na mwana anaweza kujiambia: «Nimetembea sana kwa ajili ya nyumba hii, nimeacha kazi yangu, ni mshahara wangu.» Lakini mshahara huombwa mchana, haufichwi. Akiwa ametumia fedha kwa nauli na kwa karatasi, aziseme mbele ya mama na ndugu zake, nao wamrudishie. Alichokichukua kwa siri ni wizi, na kumwibia mama si wizi mdogo kuliko kumwibia mgeni, bali mkubwa zaidi, kwa maana unavunja amri mbili pamoja.

Ndiyo maana mambo haya yafanywe wazi. Abrahamu alipotaka mahali pa kumzika Sara, alipewa bure, hakukubali. Alipima shekeli 400 za fedha mbele ya watu wote penye mlango wa mji, hata kila mmoja akajua shamba lipi limeuzwa, pamoja na miti yake, na kwa bei gani. Vivyo hivyo mnunuzi ahesabu fedha mbele ya mama mwenyewe, mbele ya watoto na mashahidi, na chefu wa kartie ajue. Asiyeficha kitu haogopi mashahidi.

III. Mama akisema: «Nyamaza»

Hapa pana shida kubwa zaidi. Ni mwezi wa nane, wakati wa kiangazi. Kuta ni kavu, sakafu ni safi. Lakini jamaa wote wanajua kwamba mwezi wa kwanza, mvua ikiwa nyingi, maji huingia katika chumba cha nyuma. Mnunuzi anauliza: «Maji hayafiki hapa?» Mama anamtazama mwanawe, anasema kwa sauti ndogo: «Nyamaza, baba. Fedha hiyo ndiyo uzee wangu.»

Pengine mtu atasema: «Amri ya nne inamtaka atii.» La. Mzazi hupata mamlaka yake kwa Mungu. Basi hawezi kuamuru jambo ambalo Mungu amelikataza. Mnunuzi naye ana watoto, na mwezi wa kwanza watoto hao watalala ndani ya maji. Yeye naye ni jirani wa kupendwa.

Lakini mwana asimwaibishe mama mbele ya mgeni. Amwite kando, aseme naye kwa upole: «Mama, nakuheshimu, lakini neno hili siwezi kulificha.» Kisha amwambie mnunuzi ukweli. Bei ikishuka, nani atapata hasara? Hapa ndipo moyo wa mtoto unapojulikana. Ni rahisi kuwa mkweli kwa mali ya mama mzee, halafu kumwacha na upungufu. Mwana aliyekataa uongo aubebe mzigo wa ukweli yeye mwenyewe: ajaze kwa mfuko wake, kidogo kidogo kila mwezi, kadiri anavyoweza, naye awaombe ndugu zake wasaidie. Asiye na fedha atoe mikono yake: amjengee mama jiko, amlimie shamba. Hivyo amri ya ukweli na amri ya heshima hazigombani. Mpatanishi wao ni sadaka ya mtoto.

IV. Baada ya kuuza

Fedha ya mama ni ya mama. Yoshua bin Sira aliwaonya wazee wasitoe mali yao yote kwa watoto wangali hai, kwa maana ni afadhali watoto waombe kwa mzazi kuliko mzazi atazame mikono ya watoto. Naye Bwana wetu Yesu Kristu aliwakemea watu waliowanyima wazazi msaada wakisingizia kwamba mali ile imetolewa kwa Mungu. Basi, mtu asimnyang'anye mama fedha hiyo kwa jina la ada ya shule, wala kwa jina la biashara, wala hata kwa jina la Kanisa.

Maulizo

Ulizo: Mtoto amsaidiaye mzazi kuuza nyumba ni nani?
Jibu: Ni mkono wa mzazi, si mwenye mali.

Ulizo: Je, ni halali kumficha mnunuzi ubaya wa nyumba kwa ajili ya kumfaidia mzazi?
Jibu: Si halali. Mzazi hafaidiwi kwa dhambi ya mtoto wake.

Ulizo: Ukweli ukimpunguzia mzazi fedha, mtoto afanye nini?
Jibu: Amsaidie kwa mali yake na kwa mikono yake, kadiri ya nguvu zake.