Fanani wa Pili: Gĩcaandĩ, Kompyuta na Dhamana ya Anayejibu

Mwaka 1993 kituo cha utafiti cha Xerox huko Palo Alto, Kalifonia, kilianza kuwaalika wasanii wafanye kazi bega kwa bega na wanasayansi wake. Miongoni mwa mambo ambayo wasanii wamekuwa wakiyatafuta katika maabara za namna hiyo ni mchezo wa hadithi ambamo mchezaji mwenyewe huamua kisa kielekee wapi. Mchezo huo husifiwa kuwa unaikomboa hadhira. Makala haya yanalihoji dai hilo kwa kurejelea sanaa ya Wagĩkũyũ wa miteremko ya Mlima Kenya: gĩcaandĩ.

Gĩcaandĩ ni ushairi wa mafumbo unaoghanwa na mafanani wawili kwa kujibizana, pamoja na kibuyu cha kutikiswa kilichochorwa alama. Padri Vittorio Merlo Pick alichapisha mkusanyo wake mwaka 1973. Katika miaka ya 1990 Kimani Njogu alidhihirisha kwamba mafanani hao hushindana na kushirikiana kwa wakati mmoja. Aliyeshindwa kufumbua alimwachia mwenzake kibuyu. Mantiki hiyo si ngeni kwa Mswahili: asiyejua jibu la kitendawili hutoa mji. Kwa hiyo kujibu ni tendo lenye gharama, na gharama hiyo ndiyo inayolipa jibu uzito wa kimaadili.

Je, mchezaji wa kompyuta hujibu? Katika mchezo wenye njia zilizoandaliwa, yeye huchagua tu mojawapo ya majibu yaliyokwisha kuandikwa na mtu mwingine. Itasemwa kwamba programu zinazotunga lugha zimeuondoa mpaka huo. Ni kweli kwamba tangu ELIZA ya Joseph Weizenbaum, mwaka 1966, mashine imekuwa ikimrudishia mtu maneno. Hata hivyo, mashine haina kibuyu cha kupoteza. Inaweza kukosea bila kuaibika na kushinda bila kumheshimu iliyemshinda.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni kwamba uchapaji ulikwisha kumwondoa fanani wa pili kabla ya kompyuta. Katika *Caitaani Mũtharaba-inĩ* (1980), Ngũgĩ wa Thiong'o alimpa msimulizi cheo cha mghani wa gĩcaandĩ, lakini kitabuni mghani huyo hana mshindani wa kumkatiza. Pamoja na hayo, Ngũgĩ mwenyewe alieleza baadaye jinsi riwaya hiyo ilivyosomwa kwa sauti majumbani na katika vilabu vya pombe, watu wakisikiliza pamoja na kuijadili. Hadhira ilikirudisha kiti kilichoachwa wazi. Basi kosa haliko katika chombo. Liko katika kukijaza kiti hicho kwa kitu kisichoweza kuwajibika.

Nyeri sasa ina Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kilichopata hadhi hiyo mwaka 2012. Iwapo maabara ya huko itampokea mghani, kuzinakili alama za kibuyu kwenye skrini kutakuwa kazi nyepesi. Kazi nzito itakuwa kuunda mchezo unaowaketisha watu wawili wanaofahamiana, kila mmoja akiwa na cha kupoteza mbele ya mwenzake. Bila hivyo mghani atakuwa ameipa maabara mafumbo yake, na hakuna atakayekuwa amemjibu.