Jina la Mtenda Kazi

Je, msomaji, kulificha jina la mtu aliyefanya kazi ni sawa na kumwibia? Katika filamu ya Frankenstein, iliyotoka Marekani mwaka 1931, orodha ya mwanzo ilionyesha alama ya kuuliza tu mahali pa mchezaji wa zimwi. Mwishoni ndipo Boris Karloff alipotajwa (hilo nalo jina la kujipa, alizaliwa Pratt). Hiyo naiona hila ya biashara, na deni lililipwa kabla watazamaji hawajainuka vitini. Lakini Mary Shelley, aliyelibuni zimwi lenyewe katika riwaya yake ya 1818, aliandikwa kwa jina la mumewe: Bibi Percy B. Shelley. Alikuwa amefariki tangu 1851, hivyo hakuwapo wa kudai.