Nipe Mji

Kidokezo: Inama, kisha rudi ulikotoka: kuna utulivu. Herufi 5.

Usiruke kwenda chini kuchungulia jibu. Kidokezo cha namna hii huwa na vipande viwili vilivyoshonwa hadi vikaonekana kitambaa kimoja. Kipande kimoja kinatoa maana ya jibu, kama kamusi ingefanya. Kingine kinakuelekeza jinsi ya kulijenga jibu, herufi kwa herufi. Hapa maana ni "utulivu". Na "inama" haikuamrishi upinde mgongo; ni herufi tu, I-N-A-M-A. Ukirudi ulikotoka, yaani ukizisoma kuanzia mwisho, unapata AMANI.

Siku nilipoliona hilo nilikuwa kwenye matatu ya Rhonda. Nikacheka kwa sauti, na mama niliyeketi naye akauvuta mkoba wake karibu. Simlaumu.

Chemshabongo nyingi za magazeti yetu huuliza visawe na miji mikuu, basi. Mchezo wenyewe ulianza hivyo. Arthur Wynne, Mwingereza aliyehamia Marekani, alichapisha mraba wa kwanza katika New York World tarehe 21 Desemba 1913, na maswali yake yalikuwa ya kawaida kabisa. Hila zilikuja baadaye, miaka ya 1920, huko London. London ya Uingereza, si hii yetu ya hapa Nakuru.

Kiswahili, kwa maoni yangu, kinaufaa mchezo huu kuliko Kiingereza chenyewe. Maneno yetu huishia kwa irabu, kwa hivyo ukiyapanga mawili kando kando yanashikana bila kuonyesha mshono. "Ua" ni pambo la bustani, tena ni toa roho. "Kaa" ni mnyama wa pwani, ni kipande cha moto, ni amri ya kuketi. Vuruga herufi za "amini" upate "imani", na sijui kama kuna mhubiri ameshaligundua hilo.

Sasa, kuna watunzi ambao hawatosheki na hila ya kila kidokezo. Wanaficha jambo lingine ndani ya mraba mzima. Unamaliza, majibu yako yote ni sahihi, unakunja karatasi unaenda zako. Hujui kwamba herufi za ukingoni zilikuwa jina la mtu, au kwamba majibu saba kati ya yale yote yalikuwa mito ya nchi moja. Hakuna aliyekuuliza. Hakuna alama unayokosa kwa kutojua. Wachezaji wa Kiingereza huita siri ya namna hiyo "Nina", kwa heshima ya mchoraji wa Marekani, Al Hirschfeld, ambaye baada ya bintiye Nina kuzaliwa mwaka 1945 alianza kulificha jina hilo kwenye mikunjo ya nguo na nywele za watu aliowachora. Kwetu "nina" ni kusema unacho kitu, na katika ushairi wa zamani ni mama. Naona wametuibia neno bila kujua.

Swali linalonisumbua ni hili: je, ni haki? Kumpa mtu kitu chenye maana mbili, umwache aondoke na moja?

Methali yetu inajibu haraka sana. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Yaani fumbo ni ukuta, na asiyeuona mlango ni shauri yake. Methali hii sijawahi kuipenda. Inafanya ujinga uwe kosa la aliyefumbiwa, na mfumbaji anabaki msafi.

Lakini kabla ya methali kuna mchezo ambao karibu kila mtoto wa hapa ameucheza. Kitendawili! Tega. Unategewa, unajaribu, unashindwa. Halafu yule aliyetega anasema: nipe mji. Unampa Mombasa, au Kisumu, anaukubali au anaukataa akitaka mkubwa zaidi, anajigamba alivyofika huko akala na kunywa, na kisha, angalia hapa, anatoa jibu. Lazima atoe. Mtoto anayepokea mji halafu anyamaze hajashinda mchezo, ameuvunja. Wenzake watamzomea hadi aende kwao.

Nadhani hapo ndipo haki ya fumbo ilipo. Mfumbaji ana deni. Anaruhusiwa kukupoteza, kukuzungusha, kukufanya ufikirie mgongo wakati anazungumzia herufi. Ila jibu lazima liwepo, njia ya kulifikia iwe wazi kwa anayetaka kutembea, na siku ukimwendea na mji wako mkononi asikuruke. Hirschfeld aliandika namba ndogo kando ya sahihi yake: idadi ya mara alizolificha jina la bintiye. Ukipata tatu na namba inasema nne, unajua bado. Huo ndio uungwana ninaousema.

Kuna mtunzi wa gazeti la Guardian aliyejiita Araucaria. Jina lake halisi lilikuwa John Graham, kasisi wa Kianglikana, na aliwatungia wasomaji wa gazeti hilo kwa zaidi ya miaka 50. Januari 2013, akiwa na miaka 91, alitoa mraba wenye maelezo mafupi juu yake. Maelezo yalisema mtunzi anaugua, lakini ugonjwa, mahali ulipo mwilini na matibabu yake vilitajwa kwa namba za vidokezo tu. Ulitakiwa utegue ndipo ujue. Waliotegua walipata saratani, umio, na huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu. Alifariki Novemba mwaka huohuo.

Wengine watasema huo ni mzaha juu ya kifo. Mimi naona kinyume. Angeweza kutoa tangazo, na watu wangelisoma wakinywa chai kisha wafungue ukurasa wa michezo. Badala yake aliwapa wale aliokuwa akicheza nao nusu karne nafasi ya kufika wenyewe, pole pole, kila mmoja kwa mwendo wake, huku mkono ukiandika neno ambalo moyo haujataka kulisoma. Kuna habari ambazo mtu anafaa kuzikuta akiwa ameshakaa chini.

Utaniuliza: na yule ambaye hawezi kutoa jibu kwa sababu akilitoa atauawa? Swali zuri. Katika utendi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, Liyongo amefungwa gerezani. Kijakazi Saada anamletea chakula kutoka kwa mamake, na walinzi wanakula kila kilicho kizuri. Liyongo anamwimbia Saada ujumbe ampelekee mama: atengeneze mkate wa makapi, na ndani aweke tupa za kukatia vyuma. Walinzi wanausikia wimbo wote. Mkate ulipofika wakaudharau, wakamwachia. Tupa ndani ya mkate wa kutupwa. Huyo angekuwa mtunzi wa chemshabongo hatari sana.

Liyongo hakuwapa walinzi jibu. Ila mlengwa wa fumbo alikuwa mamake, na mama alilipata lote. Tena fumbo likigunduliwa, shingo iliyo hatarini ni ya mfumbaji mwenyewe. Hiyo naikubali. Aliye chini akimfumbia aliye juu anajikinga. Aliye juu akitufumbia sisi, anamkinga nani?

Hapo ndipo ninarudi Rhonda.

Kuna kinyozi mtaani kwetu ambapo kila Alhamisi nabandika mraba wangu kando ya kioo. Anayemaliza kwanza kabla ya Jumamosi jioni ananyolewa bure. Julai 2022, uchaguzi wa Agosti ukikaribia, kijana mmoja wa boda alinijia akiwa ametunga kidokezo chake mwenyewe, amekiandika nyuma ya risiti ya petroli. Ondoa doa, alama zimo ndani. Herufi 6.

Angalia ufundi wake: on-DOADOA. Jibu limelala ndani ya maneno mawili ya kwanza, halikosi hata herufi. Nilimpa tano papo hapo. Aliyekuwa kwenye kiti akinyolewa ni mzee mmoja, sote humwita Guka. Aliuliza tunacheka nini. Tukamsomea. Alikaa kimya mashine ikizunguka sikio lake, kisha akasema:

"Hilo sisi tulilitegua na miguu."

Kama wewe si wa huku, nikueleze. Madoadoa ni neno lililotumika katika siasa za Bonde la Ufa tangu miaka ya 1990 kumaanisha watu wa makabila yasiyotakiwa mahali fulani. Mwanasiasa anasimama jukwaani anasema tuondoe madoadoa. Wanaojua wanajua. Ukimuuliza, anasema alizungumzia kura, au usafi, kwani usafi ni dhambi? Mwishoni mwa Januari 2008 ghasia zilifika Nakuru, na Rhonda na Kaptembwo ziliungua. Maelfu walikimbilia uwanja wa maonyesho, Guka na familia yake wakiwemo. Mimi nilikuwa shule ya msingi. Yule kijana wa boda alikuwa na miaka minne. Neno alilikutana nalo kwenye simu, likiwa tayari ni utani.

Guka akaendelea, "Na aliyelitega, mpaka leo hajasema jibu lake."

Si tulimpa mji? Tulimpa Nakuru, tukamwongeza Eldoret, na Naivasha juu. Akaupokea, akaketi.

Serikali nayo ilijaribu dawa yake. Mwaka huohuo wa 2022 tume ya uwiano na utangamano, NCIC, ilitoa orodha ya maneno ya chuki, na madoadoa yalikuwemo. Lakini orodha hiyohiyo iliingiza "sipangwingwi", neno la wimbo ambao kila matatu ilikuwa ikiucheza, na watu wakaicheka yote. Hiyo ndiyo shida ya kuwinda maana zilizofichwa: ukianza, unaziona hata kwenye ugali. Mwaka 1944 mwalimu Mwingereza, Leonard Dawe, alihojiwa na majasusi kwa sababu miraba yake katika Daily Telegraph ilikuwa na majibu kama Utah, Omaha na Overlord, majina ya siri ya uvamizi wa Normandy, wiki chache kabla ya uvamizi wenyewe. Hawakumkuta na hatia. Kwa hivyo sitaki orodha. Shati linaweza kuwa na madoadoa, chui pia, na lugha haina hatia. Ninachotaka kujua ni kama msemaji, akipewa mji, atataja jibu mbele ya wale linaowahusu.

Na hapo kanuni yangu ikapata kazi ngumu, maana yule kijana alilitaja. "Guka, mimi nilimaanisha alama tu, kama za nguo. Sikuwa na mengine." Alisema akimwangalia machoni, na Guka alimwamini. Alikuwa amelipa deni lote. Bado hatukukibandika. Anayetegua hufika kwenye jibu, lakini ukuta wa kinyozi husomwa pia na wapita njia, na mpita njia haoni herufi zilizojificha. Anaona "ondoa doa", hapa Rhonda, Julai ya uchaguzi. Mtunzi anawajibika pia kwa sentensi ya juu, ile aliyoiweka kama pazia. Hilo sikuwa nimelifikiria hadi siku hiyo, na sijui kama walio kwenye biashara ya hotuba wamewahi kulifikiria.

Kulikuwa na nafasi sita za kujaza. Tulikaa na kijana pale nje kwenye benchi, tukaibomoa kona nzima ya mraba, tukaijenga upya. Kidokezo kipya alikitunga yeye, mimi nilirekebisha neno moja tu: Mwana kurudi nyumbani, mji umo ndani yake. Herufi 6.

Kwa sababu nimeshasema lazima nitoe: mwaNA KURUdi.

Guka alilipata Jumamosi asubuhi. Alihesabu herufi kwa ukucha wa kidole gumba, akarudia, akaandika kwa kalamu ya wino. Akanyolewa bure, ingawa alikuwa amenyolewa Alhamisi na hapakuwa na cha kunyoa.