Mvumo na Shehena

Wahenga wa pwani wameacha misemo miwili juu ya sauti kubwa, na yote miwili inaikemea. Wa kwanza wasema debe tupu haliachi kuvuma. Wa pili wasema ngoma ikivuma sana haikawii kupasuka. Mwenye kuisikiliza misemo hii peke yake atadhani kwamba mtu mwenye busara hana budi kuikimbia sauti kubwa popote anapoisikia. Mambo hayako hivyo. Binadamu huifuata sauti ya nguvu tangu utotoni: mtoto huacha chakula chake akatoka mbio kuitazama ndege, na mzee aliyefanya kazi melini huweza kuusahau mshahara wake wa kwanza, lakini asiusahau mngurumo wa injini chini ya miguu yake. Hamu hiyo huzidi pale mashine yenyewe inapokuwa imekwisha kuondoka. Ndipo linapozuka swali la kimaadili ambalo misemo ile miwili hailijibu: je, ni haki mtu kuililia nguvu iliyompita bila ya kumbeba?

Swali hili lina mahali pake pa kuulizwa, napo ni ukanda wa dhahabu wa kusini ya Ziwa Viktoria, kutoka Geita mpaka Kahama katika mkoa wa Shinyanga. Huko mchana una sauti yake. Makarasha husaga mawe yaliyopandishwa kutoka kwenye maduara, jenereta hupokezana na pampu za kuvuta maji, na moshi wa dizeli huchanganyika na vumbi. Mgeni akipita katika machimbo madogo kama ya Nyarugusu huziba masikio. Mwenyeji yeye hupata habari. Karasha likinguruma, basi duara la mtu limetoa mawe. Jirani atalipwa deni lake, na mama lishe atauza wali. Lakini machimbo madogo huhama kama nyuki. Uvumi wa dhahabu mpya ukitokea kwengine, mashine hupakiwa kwenye malori, na nyuma yake hubaki mashimo na kimya. Kimya hicho ndicho kinachozaa hamu. Watu waliolalamikia kelele kwa miaka huanza kuzisimulia kama wanaosimulia harusi.

Hamu ya namna hiyo haina kabila. Katika mji wa Seattle, Marekani, wako watu ambao mpaka leo huzungumza kwa huzuni juu ya boti za mashindano za zamani, zile ambazo zikishika kasi haziyapasui maji bali huteleza juu yake, ubavu mdogo tu ukigusa. Boti iliyoitwa Slo-mo-shun IV ilitwaa kombe kuu la mchezo huo mwaka 1950, na mwaka uliofuata mashindano yakahamia Seattle. Injini za boti hizo hazikuundwa kwa ajili ya mchezo. Zilikuwa Allison na Rolls-Royce Merlin, zenye silinda kumi na mbili, zilizoundwa kuendesha ndege za kivita. Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha, ziliuzwa kama masalio. Katika miaka ya 1980 nafasi yake ikachukuliwa na injini za tabo zilizotolewa kwenye helikopta, ambazo sauti yake ni mluzi kuliko radi. Mashabiki wa kale hawakuusamehe mluzi huo. Hata hivyo, wale wale wanaoikumbuka radi wanajua kwamba tarehe 19 Juni 1966, katika mto Potomac, madereva watatu wa boti hizo walikufa siku moja. Hamu yao imeuhifadhi mvumo kwa uaminifu mkubwa. Mauti imeyahifadhi kwa sauti ya chini.

Ziwa Viktoria nalo lina kumbukumbu yake ya mashine zilizonguruma juu ya maji. Tarehe 28 Februari 1931, shirika la Uingereza la Imperial Airways lilifungua safari ya kila wiki kutoka London hadi Mwanza, mji ambao ndio mlango wa Geita kwa upande wa ziwa. Katika sehemu ya njia hiyo zilitumika ndege za majini aina ya Short Calcutta, zenye injini tatu, zilizotua na kuruka juu ya maji kama bata mkubwa. Mwaka 1937 zikaja nyengine kubwa zaidi, zenye injini nne, zikitoka Southampton hadi Durban na kutua Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Shirika la BOAC, lililorithi kazi hiyo, liliziondoa ndege za majini katika safari zake za Afrika mwaka 1950. Kwa miaka hiyo yote, ndani ya matumbo yake zilibeba barua za serikali na za wafanyabiashara, na abiria wachache wenye nauli. Mvuvi aliyekuwa akitega nyavu zake alipata mawimbi na mvumo.

Shinyanga, mfano wenyewe uko wazi zaidi. Mwadui, mgodi wa almasi ulioanzishwa na John Williamson mwaka 1940, una uwanja wake wa ndege. Almasi ya rangi ya waridi iliyopatikana hapo mwaka 1947, yenye karati 54.5 kabla ya kuchongwa, ilitolewa zawadi kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Kito kama hicho hutoshea katika kiganja. Mkulima wa pamba anayeishi kando ya mgodi wa namna hiyo huiona ndege na kuisikia. Kilichomo ndani yake, ambacho ndicho sababu ya mvumo wote ule, hakioni.

Kizazi cha baadaye kilisikia ngurumo nyengine. Tangu miaka ya 1990, ndege za mizigo za Ilyushin zilizoundwa katika Umoja wa Kisovieti, zenye injini nne za jeti, zilikuwa zikitua Mwanza kuchukua minofu ya sangara kwenda Ulaya. Paa za bati zilitetemeka. Minofu ilipanda ndegeni, na watu wa mjini wakakaanga mapanki, yaani vichwa na mifupa iliyobaki baada ya samaki kuparwa. Tarehe 23 Machi 2005 ndege moja ya aina hiyo, iliyojaa minofu, iliruka kutoka Mwanza ikaangukia ziwani muda mfupi baadaye, na wote wanane waliokuwamo wakafa.

Mtetezi wa hamu ana hoja yake, nayo haifai kudharauliwa. Atasema kwamba uzuri hauna mwenyewe. Ndege ilikuwa mali ya shirika, lakini mvumo wake haukuuzwa kwa tiketi. Aliupata tajiri na aliupata mchunga ng'ombe, kwa kipimo kimoja. Mtu aliyenyimwa shehena akinyimwa na haki ya kuustaajabia mvumo, atakuwa amenyimwa mara mbili. Atasema pia kwamba nguvu kubwa humfunza mtu mdogo kwamba yapo yanayowezekana. Wako mafundi ambao mapenzi yao ya kazi yalianza kwa kusimama kando ya mashine ya kusaga nafaka, wakihesabu midundo yake.

Hoja hii ni ya kweli kwa nusu yake. Kosa haliko katika kustaajabu. Kosa huingia baadaye, kimyakimya, wakati kumbukumbu inapoanza kupakua. Hamu ya yaliyopita ni kuli mwenye upendeleo: hupakua chomboni yale mazito na kuyaacha gatini, kisha husafiri na yale mepesi yanayoimbika. Mvumo wa karasha huchukuliwa. Vumbi la mawe lililoingia mapafuni mwa kijana aliyelilisha huachwa. Mng'aro wa dhahabu huchukuliwa. Zebaki iliyotumika kuikamata, ambayo hudhuru mishipa ya fahamu na kuingia katika maji na samaki, huachwa. Baada ya miaka ishirini huzaliwa zama za dhahabu ambazo hakuna aliyeziishi. Hapo hamu hugeuka kuwa uongo, na mwenye kudhulumiwa kwanza ni yule aliyebeba mzigo, kwa kuwa hata katika hadithi hana tena nafasi.

Wasukuma, ambao ndio wengi katika ukanda huu, wana kipimo kinachoweza kusaidia. Katika ngoma yao ya bugobogobo, wachezaji hushika majembe, na ngoma huongoza mikono ya walimaji ili kazi iende kwa mwendo mmoja. Sauti ile haiwezi kukumbukwa bila ya shamba, wala shamba bila ya migongo iliyoinama. Mwenye kuisikia anajua nani anafanya kazi, kazi gani, na nani atakula. Watu wa pwani nao walikuwa na nyimbo za kushua jahazi: mwimbaji alitoa sauti, kundi likaitikia, na chombo kikasogea shubiri kwa shubiri kuelekea majini. Nguvu ilikuwa ya mikono ya walioimba. Katika sauti hizo mbili, mvumo na shehena havikutengana. Mashine ndiyo iliyovitenganisha, kwa kuwa iliwezesha sauti kufika kwa elfu na mzigo kufika kwa mmoja.

Kwa hiyo jawabu halipatikani kwa kuichukia mashine. Chuma hakina dhambi. Injini ile ile ya Merlin ilibeba rubani kwenda kuua na baadaye ikabeba dereva kwenda kushindana. Jawabu liko katika namna ya kusikiliza. Mshangiliaji husikia ukubwa wa sauti tu. Fundi husikia zaidi: beringi iliyochakaa, nozeli inayovuja, pistoni inayogonga, na nyuma ya hayo yote mkono wa mtu aliyesahau kubadilisha oili. Upendo wa fundi kwa mashine ni mkubwa kuliko wa mshangiliaji, lakini ni upendo wenye hesabu. Anajua inakula nini, inatoa nini, na itamuumiza nani ikiachwa. Hamu ya yaliyopita ikisikiliza kwa sikio la fundi, huwa elimu. Ikisikiliza kwa sikio la mshangiliaji, huwa ulevi.

Mtihani wa jambo hili hauko mbali. Kwa miaka mingi, aliyetoka Mwanza kwenda Geita kwa njia ya Sengerema alivuka ghuba kwa kivuko kati ya Kigongo na Busisi. Tarehe 19 Juni 2025 daraja la J. P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, lilifunguliwa, na safari iliyosubiri injini ya kivuko sasa ni ya dakika chache. Hapana shaka watatokea watakaoukumbuka mngurumo wa vivuko, honi yake alfajiri, na wachuuzi walioishi kwa foleni ya magari. Waukumbuke, huo ni wema kwa waliofanya kazi hapo. Lakini wanaposimulia, wamuweke katika hadithi na mgonjwa aliyesubiri upande mmoja wa maji ilhali hospitali ya rufaa iko upande wa pili. Simulizi yenye mgonjwa huyo ndani yake ni historia. Simulizi isiyo naye ni debe tupu, na wahenga walikwisha sema juu ya debe hilo.

Ziwa lenyewe limetoa funzo jengine, na lilikuwa chungu. Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air aina ya ATR 42, yenye injini mbili na watu 43 ndani yake, iliangukia majini karibu na uwanja wa Bukoba, magharibi ya ziwa. Watu 19 walikufa na 24 waliokoka. Waliotangulia kufika walikuwa wavuvi, katika mitumbwi yao. Injini za ndege zilikuwa zimekwisha kunyamaza. Nguvu iliyobaki ilikuwa ya mikono ya watu ambao hakuna aliyewahi kutoka nje ya nyumba kwenda kuusikiliza mvumo wao.

Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Binadamu atakwenda tezi kwa mapenzi yake ya radi na moto, na hakuna atakayemzuia, kwa kuwa moyo umeumbwa na shauku hiyo. Akirejea ngamani, chini kabisa ya chombo, ndipo penye shehena na ndipo yanapoingia maji. Anayekumbuka kwa haki hushuka huko kwanza, akapima maji, akauliza ni mali ya nani na nani aliipakia. Akimaliza, apande juu akausikilize mvumo.