Herufi Mbili

Saa kumi na moja jioni Baba alifungua mdomo akasema, "Tu…" Akanyamaza. Mkono wa kushoto, ule unaomtii bado, ukabana goti. "…uze."

Nikamgeukia baba mdogo: "Anasema tuuze."

Wageni wakamaliza chai, wakaenda kumpigia mnunuzi wa shamba. Baba akalala na viatu.

Kati ya "tuuze" na "tusiuze" kuna herufi mbili tu. Kiswahili hupenda kufungia nani, lini, na ndiyo ama la ndani ya neno moja, na mtu akichoka katikati ya neno anaweza kuangusha kile kipande kilichobeba uamuzi.

Tangu apate kiharusi mwaka jana, mimi ndiye mdomo wake. Hali yenyewe inaitwa afasia: akili ipo, njia ya maneno ndiyo imeharibika. Anatafuta neno, namwekea. Watu husema nina roho nzuri. Na uchovu wake ni wa kweli, si ule wa kulima ambao ukilala unaisha. Sentensi tatu zinammaliza kama aliyepandisha gunia la mahindi ghorofa ya nne. Kwa hivyo sikubali kwamba dawa ni subira tu. Nimeona mgeni akimngoja na tabasamu la mwalimu wa nasari, na Baba akiangalia mkongojo wake kwa njia ambayo haikuwa ya amani.

Lakini ile jioni haikuwa huruma. Nilitaka wageni waende. Pia, wacha niseme, pesa ya shamba nilikuwa nimeshaipigia hesabu: karo, nirudi chuo nilikoacha. Neno nililomwekea Baba mdomoni lilikuwa langu.

Mwaka 1861, daktari Mfaransa Paul Broca alimchunguza mgonjwa aitwaye Leborgne, aliyekuwa amekaa miaka 21 katika hospitali ya Bicêtre. Alielewa mengi aliyoambiwa, ila alichoweza kujibu ni "tan". Akikosa kueleweka alikasirika, na hapo tusi lilimtoka vizuri tu. Wenzake hospitalini walimwita Tan. Alikufa siku chache baadaye, na ubongo wake ukampa Broca sifa. Mimi hunisumbua lile jina. Silabi aliyoachiwa na ugonjwa, watu wakaona inatosha kuwa yeye.

Asubuhi yake, baada ya chai, Baba alinishika mkono. "Tu. Si." Akapumua. "Uze."

"Tusiuze?"

Akaitikia kwa kichwa, mara mbili.

Nikampigia baba mdogo. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Huyo ni yeye anasema, ama ni wewe?"

Nikaweka simu kwenye sikio la Baba. "Tu…" akaanza. Nikauma midomo yangu. "Tu…"

Baba mdogo akasema kuna watu wanamngoja. Atapiga jioni.