Unapandia Nini?

"Mwalimu, umebeba nini hapo nyuma?"

Aliyeniuliza ni kijana wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukumia mizigo. Alikuwa amesimama katikati ya mlima, magunia matatu ya makala ya kupikia mbele yake, jiwe amelisukumia nyuma ya gurudumu ili mzigo usimrudie. Nikamjibu kwamba sijabeba kitu. Akaitazama velo yangu yenye magurudumu madogo kama ya mtoto, akanitazama na mimi, mtu wa miaka 53 mwenye shati lililolowa mgongoni, akasema: "Sasa unapandia nini?"

Jibu la daktari nilikuwa nalo. Tansiyo 17 kwa 10, sukari inanyemelea, goti la kulia limelika. Nifanye mazoezi kila siku, alisema, ila nisishuke milima kwa miguu. Kumwambia hivyo mtu wa Butembo, huku mashariki mwa Kongo, ni sawa na kumwambia mvuvi asiguse maji. Mji wetu uko juu ya mita 1,700, na umekaa juu ya vilima kama nguo zilizoanikwa juu ya vichaka. Ukitoka kwako kununua chumvi, umeshashuka mara moja na kupanda mara mbili. Basi nikaamua kutafuta velo, na kwa kuwa nyumba yetu ya kupanga haina ua wala stoo, nikatafuta ile ya kukunja, inayoingia chini ya kitanda.

Niliipata kwenye kibanda cha vitu vilivyotumika, vile vinavyoingia kwa mpaka wa Kasindi, ikiwa imening'inia kati ya feni na kigari cha mtoto. Mwenye kibanda alitaka dola 140. Nikaikunja na kuikunjua mara tano. Nikashika usukani kwa mkono mmoja na kiti kwa mkono mwingine, nikaitikisa ili nisikie kama bawaba ya katikati inagonga, maana velo ya namna hii ikilegea hapo, siku moja itajikunja yenyewe na wewe uko juu yake. Haikugonga. Nikahesabu meno: mbele 48, nyuma kwenye gia nyepesi 28. Tulimaliza kwa dola 85, zamu yangu yote ya likelemba, mchango wetu wa kupokezana.

Mke wangu aliitazama ikiwa imekunjwa sebuleni kama mbuzi aliyefungwa miguu. "Baba, mlima uko bure," akasema. "Wewe umeenda kuununua dola 85." Alikuwa na haki. Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu 2019, lakini kitinda mimba wetu yuko sekondari, na ada yake, minervali, haisubiri tansiyo ya mtu.

Nilimtetea mnyama wangu kwa hesabu. Gurudumu la inchi 20 likizunguka mara moja linakwenda kama mita moja na nusu. Kwa meno yale, nikikanyaga pedali mzunguko mmoja, nasogea mita mbili na nusu hivi. Velo ndefu ya chuma ya kaka yangu, isiyo na gia, inataka isogee karibu mita tano kwa mzunguko huohuo, na ndiyo maana kila mlima anashuka na kuisukuma. Mimi nakula mlima kwa matonge madogo. Ubaya uko kwenye kuteremka: shimo ambalo gurudumu kubwa linaliruka, dogo linaingia lote. Wiki ya kwanza breki zilikuwa zikilia bila kushika, mpaka fundi akabadilisha mipira na waya. Tangu hapo mvua ikinyesha sipandi, na alfajiri sitoki mpaka jua lionekane, kwa sababu za usalama zinazojulikana na kila mtu wa huku.

Hesabu zote hizo zinaeleza jinsi ninavyopanda. Yule kijana aliuliza kwa nini, na hapo nilikosa neno.

Kwetu sisi Wanande mtu hujulikana kwa mzigo wake. Anayekwenda shambani na jembe anarudi na kuni, na mgeni anayefika mikono mitupu ana la kueleza. Chukudu yenyewe ni falsafa hiyo iliyochongwa kwa mbao: mhimili wa mkaratusi, magurudumu mawili ya mti mgumu yaliyovishwa mpira wa tairi kuukuu, na juu yake mamia ya kilo. Kule Goma imesimamishwa sanamu yake katika mzunguko wa barabara, yenye rangi ya dhahabu. Katika mji kama wetu, mtu mzima anayetoa jasho kupandisha kiti kitupu anafanana na anayechota maji na kuyamwaga mtoni. Jasho, tumefundishwa tangu Adamu, ni bei ya mkate. Mimi nalimwaga nikiwa nimeshashiba.

Jibu la kwanza nililojipa lilikuwa la kuheshimika: nafanya mazoezi ili niishi, nikiishi nitasomesha watoto. Yaani mzigo upo, ila haujafika. Nililibeba jibu hilo wiki nzima, kisha likanichosha, kwa kuwa nililitambua. Ni jibu la mfanyabiashara.

Sisemi hivyo kwa dharau. Butembo imejengwa na wafanyabiashara. Watu wetu wanakwenda Dubai na Guangzhou, mali inashuka Mombasa, inapita Kampala, inaingia Kasindi. Tumezoea kwamba safari yoyote ina ankara. Lakini siku ile nilipojikagua niliona kwamba hata sala yangu ina ankara. Nafundisha dini mwaka wa 24 sasa, na kila asubuhi napanda kwa Mungu na orodha, kisha nateremka nikisubiri kontena. Likichelewa nanung'unika. Sijawahi kupanda kwake nikiwa mtupu na kuridhika na kupanda.

Nililipeleka swali darasani bila kuwaambia limetoka wapi: je, kuna jasho jema lisilobeba kitu? Wavulana wengi walisema hapana. Mmoja akataja barua ya Paulo kwa Timoteo, pale mazoezi ya mwili yanapopewa faida ndogo tu. Nikamkumbusha kwamba ndogo si sifuri. Kisha msichana wa kiti cha nyuma akainua mkono. Katika Injili, akasema, kuna milima ya namna mbili. Uko ule wa msalaba, ambao Yesu alipanda na mzigo hadi wakamkamata Simoni wa Kirene amsaidie. Na uko ule aliokuwa akipanda peke yake usiku, kusali, na hatuambiwi kwamba alibeba chochote. "Mwalimu, sisi tunaujua sana ule wa kwanza," akamaliza.

Nilitoka na maneno yale mpaka kwa Mtakatifu Augustino. Jimbo letu, Butembo-Beni, lililelewa na mapadri Waasumsio waliofika mwaka 1929, nao wanaishi kwa kanuni ya Augustino, kwa hiyo hapa kwetu yeye ni kama babu wa ukoo. Katika kitabu cha 13 cha Maungamo anaufananisha upendo na uzito. Kila kitu, anafikiri, kinavutwa na uzito wake kuelekea mahali pake: jiwe linavutwa chini, moto unavutwa juu. Uzito wa mtu ni anachokipenda, na huko ndiko anakochukuliwa. Nilipokisoma tena baada ya darasa lile nilicheka peke yangu. Kumbe velo yangu haijawahi kuwa tupu. Swali la kijana wa chukudu lingeweza kugeuzwa: je, unavutwa na nini?

Nikasita hapo, kwa sababu fikra nzuri zinakuja kirahisi kwa mtu asiye na gunia la makala mbele yake. Nani kanipa nafasi ya kupanda mikono mitupu, kama si wanaopandisha chakula na makala yangu? Na uko pia utupu ambao hakuna aliyeuchagua. Huo niliuona Beni.

Beni iko kilomita 54 kutoka kwetu, chini ya milima. Siku ambazo barabara inapitika na nina nafasi, naifunga velo juu ya basi dogo, naishushia mjini na kutembelea ndugu, kwa kuwa Beni ni tambarare kuliko kwetu na goti linapumzika. Huko velo ina maana nyingine. Tangu mauaji ya raia yaliyoanza Oktoba 2014, watu wa kule wameona velo nyingi zikipita na godoro nyuma, sufuria kwenye usukani, mtoto katikati, zikitoka upande wa Oicha au vijijini. Nikiikunjua yangu pale stendi, nyepesi, bila hata kikapu, naona haya.

Nina shangazi huko, mjane, aliyeacha mashamba yake ya kakao na hajaweza kuyarudia. Mara ya kwanza alipoiona velo aliomba nimuonyeshe inavyokunjwa. Nilikunja, akapiga makofi kama mtoto. Kisha akasema taratibu, bila kuniangalia: "Na mimi nyumba yangu niliikunja. Yote iliingia ndani ya kitenge kimoja."

Sikuwa na la kumjibu. Kesho yake alfajiri nilimsikia akifungua mlango kwenda misa, kama kila siku. Aliporudi nilikuwa nimeketi barazani na chai.

"Shangazi, huwa unamwomba nini?" nikamuuliza. Nilidhani nitasikia mashamba, amani, wanawe.

"Nilimwomba sana, zamani," akasema. "Anajua. Sasa ninaenda kumsalimu tu."

Mtu yeyote wa kwetu anaelewa neno hilo. Mtu anaweza kuvuka vilima vitatu kuja kwako, akakaa, akauliza habari za watoto na za mbuzi, akanywa maji, akaaga. Ukimsindikiza mpaka njiani ukisubiri aseme shida yake, anakuambia: nilikuja kusalimu. Hakuna anayemwita mpumbavu. Tunasema huyo ndiye ndugu, maana wa kukopa hata adui yako anaweza kuja. Shangazi yangu hakuwa amekata tamaa, na kama alikata, tamaa iliyokatika ni ile ya kuwa mteja wa Mungu. Uhusiano ulibaki.

Nadhani hapo ndipo ninapoweza kusimama mbele ya swali langu bila kujificha nyuma ya daktari. Mazoezi yangu ni dawa, sawa. Lakini zile dakika 40 za velo ambazo sipeleki kitu wala sirudi na kitu zimenifundisha mwendo ambao miaka 24 ya ubao na chaki haikunifundisha. Mwili wangu, ambao niliutumia kama punda wa kukodi, naupandisha mlimani kuusalimu, na kumsalimu aliyeufanya. Kama faida inakuja, ije kwa mlango wake. Dola 85 zinabaki dola 85, na mke wangu bado ana haki. Muhula huu sinywi kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ili minervali itimie.

Wiki iliyopita nilimkuta tena yule kijana, mlima uleule, viazi badala ya makala. Nilikuwa natweta.

"Mwalimu! Leo umebeba nini?"

"Leo nimepanda kusalimu tu."

Alicheka mpaka akaegemea magunia. Kisha akainama, mabega yakaingia kazini, na kwa kichwa akanionyesha nyuma ya gurudumu.

"Kama mikono yako ni mitupu, nisogezee jiwe."

Nikaikunja velo, nikaiacha kando ya njia. Yeye akasukuma hatua mbili, mimi nikasogeza jiwe. Hatua mbili tena, jiwe tena.