Mgombea mwenza si msindikizaji

Usiku wa Machi 17, 2021, Makamu wa Rais, Samia Suluhu Hassan, alitokea kwenye televisheni ya taifa na kututangazia kifo cha Rais John Magufuli. Machi 19, Ikulu ya Dar es Salaam, akiwa na mtandio mwekundu kichwani na Msahafu mkononi, aliapa mbele ya Jaji Mkuu Ibrahim Juma kuwa Rais wa sita wa Tanzania.

Hatukuitwa tena vituoni kupiga kura. Kwa mujibu wa Katiba, Samia alikwishachaguliwa Oktoba 28, 2020, kwa alama ileile ya vema aliyowekewa Magufuli. Muhula ule ulianza Novemba 5, 2020. Magufuli aliutumikia kwa muda usiofika miezi mitano. Zaidi ya miaka minne na nusu iliyobaki ikawa ya yule aliyekuwa mgombea mwenza.

Nikikumbuka kampeni za mwaka ule, naona jinsi tulivyolipita jambo hili. Kwenye baraza la kahawa ninapokaa jioni tulibishana juu ya barabara, umeme, ndege na bei ya korosho. Jioni moja kijana akauliza, "Hivi wazee wangu, mgombea akiondoka, huyu mwenza wake ataweza?" Mzee mmoja akaweka kikombe chini. "Acha uchuro, mwanangu. Mtu yuko mzima, wewe unamzika?" Kijana akaomba radhi, na hakuna aliyelirudia swali lile.

Namheshimu mzee yule, na najua maneno yake yanatoka wapi. Tumelelewa kutomtajia mtu kifo angali hai. Ni adabu, na inatufaa majumbani mwetu. Lakini ikifika kwenye urais, adabu hiyo inatunyima haki ya kuuliza. Katiba yenyewe imekwishataja kifo cha Rais bila woga: Rais akifariki, akijiuzulu au akishindwa kazi kwa maradhi, Makamu anaapishwa na kumaliza muda uliobaki. Baba anayeandika wasia hajiiti kaburini, anawafikiria watakaobaki. Mgombea urais anapomtaja mwenza wake anafanya jambo kama hilo kwa nchi nzima, na sisi ndio tutakaobaki. Tuna haki ya kujua ametuachia nani.

Wapo wanaosema mwenza huchaguliwa kwa ajili ya mizani tu. Kweli, tangu uchaguzi wa 1995 sheria yetu inataka mgombea akitoka upande mmoja wa Muungano, mwenza wake atoke upande wa pili. Ni sharti jema, maana linazipa pande zote mbili nafasi juu kabisa. Lakini Zanzibar ina watu wengi wenye uwezo, na Bara vilevile. Kutazama anakotoka mtu hakutuzuii kutazama alichokwishafanya.

Na habari zenyewe hazikuwa zimefichwa. Samia alipoteuliwa kuwa mgombea mwenza mwaka 2015, alikuwa amekwishakuwa waziri Zanzibar, mbunge wa Makunduchi, Waziri wa Nchi aliyeshughulikia mambo ya Muungano, na Makamu Mwenyekiti wa Bunge Maalumu la Katiba la 2014. Utawala wake una wanaousifu na wanaoulaumu, na kila mmoja ana hoja zake. Langu ni kwamba rekodi ilikuwepo, na ilistahili kusomwa na kuhojiwa na mpiga kura kabla hajaingia kituoni, awe alimpenda au hakumpenda.

Tena utayari una upande wa pili ambao mwenza hauwezi peke yake. Franklin Roosevelt wa Marekani alipofariki Aprili 12, 1945, vita vya dunia vikiwa bado vinapiganwa, Harry Truman alikuwa amekaa kwenye umakamu siku 82 tu. Alikuwa seneta mzoefu, lakini bosi wake hakuwa amemweleza habari za bomu la atomiki. Alikuja kuelezwa kwa kina Aprili 25, akiwa Rais tayari. Agosti 6 bomu likaangushwa Hiroshima. Uamuzi mzito kuliko yote ulimwangukia mtu aliyewekwa kando. Kwa hiyo swali tunalomuuliza mwenza tumuulize na mgombea urais mwenyewe: huyu utampa kazi gani, na utamshirikisha mambo gani?

Malawi nao walionja hatari ya wawili wasioelewana. Bingu wa Mutharika alipofariki Aprili 5, 2012, Makamu wake Joyce Banda alikuwa amekwishafukuzwa kwenye chama tawala na kuunda cha kwake. Wapo vigogo waliotaka asikikalie kile kiti. Katiba ikashinda, akaapishwa Aprili 7, lakini wananchi walipita kwenye siku za wasiwasi wasizostahili.

Kuwahoji wenza hadharani kunawezekana. Julai 19, 2022, jirani zetu wa Kenya waliwaweka wagombea wenza kwenye mdahalo wa televisheni, Rigathi Gachagua na Martha Karua wakajibizana uso kwa uso, na kila mpiga kura akasikia kwa masikio yake. Kwetu, mwenza akipanda jukwaani hutarajiwa zaidi kusalimia, kumsifu mgombea wake na kuomba kura.

Natamani kampeni zijazo ziwe tofauti, na si lazima tusubiri vyama viamue. Mwenza akija wilayani kwako, muulize ofisi aliyoongoza aliiachaje, na Mkaguzi Mkuu alisema nini juu ya hesabu zake. Muulize ni lini alimwambia mkubwa wake kwamba hili halifai. Muulize anaujua vipi upande wa Muungano asikotoka. Asipokuwa na majibu, lihesabu hilo unapoipima tiketi nzima, kama unavyohesabu ahadi za barabara. Na kijana akilileta swali lile barazani, sisi wakubwa tumjibu, maana hamtakii mtu mabaya. Anaitakia mema nchi atakayoishi humo miaka mingi kuliko sisi.